Nguchiro na Mvukuto wa Fundi Kifaru

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama wakilima na kupika kama sisi, palikuwa na Nguchiro, kadogo, kepesi. Mama yake akamwambia, "Nenda kajifunze kazi. Humu ndani tuko wengi, panzi hawatutoshi. Bila kazi usirudi."

Akaenda kwa fundi Kifaru, mhunzi wa majembe. Akamkuta peke yake, jasho linamchuruzika, anapuliza moto kwa mvukuto: vuu, vuu.

"Shikamoo fundi. Nifundishe kazi."

"Marahaba. Umewahi kushika mvukuto?"

"Bado."

"Basi nenda. Mimi nafundisha anayejua."

Nguchiro akajiuliza moyoni. Anayejua afundishwe nini tena?

Sasa, wahunzi wana mwiko: jembe la mtu likiwa motoni, fundi haondoki. Akiondoka, wateja wanamhama. Na siku hiyo jembe la mteja lilikuwa motoni.

"Pole na joto, fundi," Nguchiro akasema. "Nimepita mtoni. Matope ya leo laini kama uji. Na ya baridi."

Masikio ya Kifaru yakacheza. "Baridi kweli?"

"Ngiri wanayamaliza."

Kifaru akachungulia nje. Hakuna mtu. "Hebu nishikie hapa. Narudi sasa hivi."

Sasa hivi gani. Alijitupa matopeni, chubwi, akakoroma. Nguchiro huku vuu, vuu, sharubu zinaungua, moto hauzimi.

Kifaru kuamka, jua limegeuka. Akarudi mbio, roho mkononi. Lahaula, chuma chekundu kama pilipili! Akakigonga, ko, ko, jembe likawa jembe.

"Sasa nianze, fundi?"

"Uanze nini? Nimesema nataka mzoefu. Toka."

Nguchiro akatoka kama aliyemwagiwa maji. Mlangoni akakutana na Bi Tembo, mwenye jembe, amelifuata. Akageuka, akaingia naye.

"Hodi. Natafuta kazi ya mvukuto. Mimi mzoefu."

Kifaru macho yakamtoka.

"Mzoefu wa wapi, mwanangu?" akauliza Bi Tembo.

"Nilimshikia fundi mmoja, bibi. Aliacha jembe la mtu motoni, akaenda kulala matopeni."

Bi Tembo mkonga juu. "Akaacha moto? Fundi gani huyo?"

Kifaru akajibanza ukutani, tope la mgongoni lisionekane. Nguchiro akafungua kinywa ataje jina.

"Anza leo," Kifaru akasema. "Anza sasa hivi. Na chakula utakula hapa."

Nguchiro akashika mvukuto, vuu, vuu.

Basi wajukuu zangu, ukimnyima mwenzio pa kuanzia, usimuulize alianzia wapi.