Mifuko Miwili ya Udongo Mweupe

Hii imenifikia asubuhi, nikaona si haki nikae nayo peke yangu. Isome, kisha mpelekee mwenzako.

Katika mji mmoja wa wachoma chokaa, birika la maji lilipasuka mara ya pili, miezi sita tu baada ya kupigwa lipu. Chokaa yake ilitoka kwenye machimbo mawili: la Bi Hidaya na la jirani yake, Mzee Kheri. Bi Hidaya hakumumunya maneno.

"Udongo wa Kheri ndio mbovu. Chimbo lake lifungwe."

Wakuu wa mji wakataka ushahidi. Kazi akapewa Riziki, mke wa mwanawe Bi Hidaya, kwa kuwa alirithi mizani ya baba yake sonara na hakuwa na raha mpaka ajue kitu kimekuwaje. Ili asipendelee, Bi Hidaya alimletea mifuko miwili isiyo na jina, mmoja wa udongo wa kila chimbo. Alama ya kila mfuko aliijua Bi Hidaya peke yake.

Riziki alianza kama waanzavyo wote huko: akatonesha ndimu. Udongo wa mifuko yote miwili ukatoa povu, dalili kwamba una chokaa. Wengine huishia hapo. Yeye akausaga, akaupima, akautia kwenye vyungu viwili vyenye vifuniko, akachochea moto kidogo kidogo. Kila moto ulipobadilika rangi, alipima tena.

Udongo wa kwanza haukupungua uzito mpaka chungu kilipowaka rangi ya chungwa, ukapungua kwa mkupuo mmoja. Wa pili ulipungua mapema, chungu kikiwa chekundu. Ukatulia. Kisha ukapungua tena. Riziki akarudia yote upya, asiamini macho yake.

"Huu wa pili una madini mawili," akawaambia wakuu. "Moja ni la chokaa. Lile jingine hukawia kunywa maji. Lipu ikishakauka ndipo linapovimba na kuipasua."

Macho yote yakamgeukia Kheri. Mzee wa watu akainamisha kichwa.

"Mama, mfuko huu ni wa nani?" Riziki akauliza.

Bi Hidaya aliugeuza mkononi, akaiona alama. Angeweza kutaja jina lolote, na nani angebisha?

"Wangu," akasema. "Nisamehe, Kheri. Miaka ishirini natonesha ndimu kwenye udongo wa wenzangu. Wangu sijawahi kuutia hata tone."

Riziki alimwonea huruma, na siku hiyo akampenda kuliko siku zote.

Funzo: Unachokiamini kupita vyote ndicho ukipime kwanza, na kipimo kikikugeukia, uwe wewe wa kwanza kusema.