Chumvi ya Lango la Ukungu

Usiulize bei sokoni, iulize njia.

Mmemsikia mama mwenye duka akimjibu hivyo yule mgeni aliyelalamika kwamba sabuni ya huku ni ghali, na kwamba kwao, ng'ambo ya mpaka tu, sabuni hiyohiyo huuzwa nusu ya bei. Mgeni kaondoka amenuna, nanyi mmekuja kuniuliza mimi babu yenu maneno hayo yalitoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Zamani palikuwa na nchi ya milimani iliyoitwa Usakwa. Ilikuwa na mtama na asali na ng'ombe, lakini haikuwa na chumvi. Chumvi ilitoka Mwele, bonde lililo upande wa pili wa milima, ambako watu walichemsha maji ya chemchemi mpaka yakakauka na kuacha weupe chunguni. Aliyeileta Usakwa alikuwa mjane mmoja, jina lake Kalunde, pamoja na wapagazi wake wachache. Ukitaka kibaba cha chumvi, ulimpelekea kapu zima la mtama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyehoji.

Ukaja mwaka wa mvua haba. Mtama ukawa wa kuokoteza. Katikati ya shida hiyo ikafanyika arusi, na miongoni mwa wageni alikuwapo mtu wa Mwele. Alipoona mama wa bibi arusi akitoa kapu la mwisho ili mchuzi wa wageni upate chumvi, alishika kichwa.

"Kapu zima kwa kibaba?" akauliza. "Kwetu kapu hilo linakupa mzigo wa kumwinamisha mwanamume!"

Arusi ile haikuchezwa tena. Watu walitazamana. Alikuwapo pale mhunzi mmoja, Ngasa, aliyemzika mwanawe wa kwanza miezi michache nyuma, mtoto aliyekonda mpaka akazimika. Ngasa alikumbuka makapu aliyoyapeleka kwa Kalunde mwaka ule, moja baada ya jingine, na kifua chake kikajaa moto.

Siku iliyofuata alisimama mbele ya mtemi.

"Mwanamke huyu amekula watoto wetu," akasema. "Afukuzwe, na nyumba yake ichomwe."

Mtemi akamgeukia Kalunde. "Mama, unasemaje?"

"Mtemi, chumvi siilipii Mwele peke yake. Nailipia na njiani."

"Unamlipa nani njiani? Kule hakuna mtemi wala askari."

"Nawalipa wanaodai," Kalunde akajibu.

Watu walicheka, kicheko kibaya. Mtemi akanyoosha mkono, wakanyamaza. Akaamua hivi: Ngasa aende Mwele mwenyewe. Akirudi na chumvi, akaiuza kwa bei ya Mwele, Kalunde ataondoka nchini.

Ngasa alimchukua mdogo wake, Shija, kijana mwenye nguvu na mcheshi. Walipopita mbele ya nyumba ya Kalunde, mama yule alitoka mlangoni.

"Mwanangu Ngasa, pale langoni ukidaiwa, toa. Usibishane nao."

Ngasa akakaza mwendo.

Lango lenyewe lilikuwa mahali ambapo milima miwili inakaribiana, njia ikapita katikati yake, nyembamba, upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo. Ukungu haukutoka pale hata jua la utosi. Kando ya njia palikuwa na marundo ya mawe, mengi, yamepangwa vizuri. Siku ya kwenda walipita bila mizigo, wakiswaga mbuzi wao wa kubadilishana, na hawakusikia kitu ila upepo.

Kule Mwele waliona kwa macho kwamba yule mgeni wa arusini alisema kweli. Chumvi ilikuwa nyingi mpaka watoto walirushiana mabonge. Kwa mbuzi wachache walipata mizigo miwili mikubwa, iliyofungwa kwa majani ya migomba.

"Kaka," Shija akasema huku akicheka, "Kalunde akafunge vyombo vyake."

Walifika langoni tena adhuhuri. Ukungu ulikuwa mzito kama maziwa. Walipoingia tu, Ngasa alisikia nyayo nyuma yao, nyayo za watu wengi wanaotembea na mizigo, zile hatua fupi nzito. Akasimama. Nyayo ziliendelea kidogo, kisha nazo zikasimama. Mtu akakohoa.

"Nani?" Ngasa akaita.

Sauti ikajibu karibu sana na sikio lake, kwa upole, kama jirani anayeomba moto. "Ngasa. Changu kiko wapi?"

"Kaka, tuwape," Shija akanong'ona. "Mama Kalunde alisema tutoe."

"Tembea! Chumvi hii nimeinunua mimi. Simdai mtu, sidaiwi na mtu."

Wakatembea. Njia ile ni fupi, lakini haikwisha. Marundo ya mawe yalipita kushoto kwao, kisha yakapita tena, yaleyale, na lile lenye jiwe jeupe juu likapita tena. Mizigo ikawa mizito, shingo zikaanza kutetemeka. Nyayo sasa hazikuwa nyuma tu. Nyingine zilikuwa mbele, nyingine ubavuni, upande wa korongo, pasipo na njia kabisa.

"Shija," sauti ikaita.

"Naam," Shija akaitika, kama unavyoitika ukiitwa na mtu wa nyumbani.

Ngasa akageuka. Mzigo wa Shija ulikuwa chini katikati ya njia, umesimama wima, na kata yake ya majani, ile ya kutegea mzigo kichwani, juu. Shija mwenyewe hakuwapo. Ngasa aliita mpaka sauti ikamkauka. Mwamba haukumrudishia hata mwangwi. Kisha akaona, pembeni, rundo jipya la mawe ambalo halikuwapo mwanzo. Lilikuwa halijamalizika. Mawe yake yalikuwa bado na udongo mbichi.

 Alikuwa amekwisha kuzika mtoto mwaka ule, na hakuwa na nguvu za kuzika tena.

Akararua majani ya mzigo wake, akajaza viganja chumvi, akaenda kwenye rundo la kwanza.

"Chukueni," akasema huku akilia. "Chukueni chenu. Niachieni ndugu yangu."

Akamimina. Chumvi haikutoa sauti ya kuanguka. Ilikuwa kama mtu ameipokea kwa viganja. Akaenda rundo la pili, na la tatu, na yote yaliyobaki, naye kila alipomimina alisikia pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayetua mzigo. Mzigo wake ukaisha. Akafungua wa Shija, ukapungua, ukapungua tena. Alipolifikia lile rundo ambalo halijamalizika, alimkuta Shija ameketi juu ya mawe, macho yametuama, chumvi midomoni.

Ngasa alimshika mkono, na mbele yao ukungu ukakatika. Lilikuwa jua la alasiri, na milima ya Usakwa ikionekana.

Walipouona moshi wa nyumba za kwao, Shija akasimama.

"Kaka, ni wapagazi," akasema. "Ni wale walioteleza korongoni, na waliokufa kwa baridi, na wale walioliwa na chui. Wote walikufa na chumvi yetu kichwani. Hawajafika bado. Wananiuliza kama sisi tumefika."

Walipoingia sokoni na kile kichache kilichobaki, watu walikuwa wamejaa, na makapu yao, wakitabasamu. Ngasa akachukua kibaba, akakijaza.

"Kapu moja," akasema.

Kelele zikalipuka. "Wewe nawe! Mwizi amezaa mwizi! Kwa nini hapa iwe ghali hivi, na Mwele watoto waichezee?"

Ngasa aliwatazama. Wale waliomjua walisema baadaye kwamba uso wake ulikuwa umezeeka.

"Mnaniuliza mimi?" akasema. "Usiulize bei sokoni. Iulize njia."

Kisha akawaeleza yote, na Shija kando yake akiitikia kwa kichwa tu.  Mama wa yule bibi arusi akawa wa kwanza kusogeza kapu lake. Ngasa hakulipokea. Alimwambia alipeleke kwa Kalunde, na yeye mwenyewe akatangulia kwenda kumwomba radhi. Kalunde alimsikiliza, akamwuliza jambo moja tu: je, Shija ameanza kula? Safari iliyofuata, Ngasa alikwenda na Kalunde, akabeba nyundo zake, akachonga ngazi kwenye mwamba ili watu wasiteleze tena. Wasakwa wengi wakamfuata. Miaka ilipopita, bei ilishuka kidogo. Haikushuka ikawa ya Mwele.

Mnaniuliza, basi kila mwenye duka ana haki? La. Wezi wapo, tena wengi. Ndiyo maana methali haisemi ulipe unyamaze, inasema uulize. Nenda kaitazame njia: mto usio na daraja, vizuizi, mikono inayonyooshwa kila kituo, na waliobaki huko. Ukiona njia haikudai kitu, rudi sokoni umkamate mwuzaji. Lakini kwanza, wajukuu zangu, usiulize bei sokoni, iulize njia.