Foleni Iliyopandisha Bei

Hapo zamani za kale, nyuma kabisa ya kalenda zenu zote, wanyama walikuwa na nyumba, na jiko, na ile shida ya kuamka asubuhi ukiwaza watoto watakula nini. Sogeeni basi. Wewe unayetafuna muwa, tafuna kwa adabu, nataka kujisikia ninavyosema.

Na kabla hamjaniuliza, maana nawajua, kwa nini Nyumbu asile majani akanyamaza: siku hizo wanyama walikuwa wameshazoea ugali. Mnyama akishazoea ugali, ukimpa majani anakutazama kama umemtukana. Tuendelee.

Chini ya mlima wa mawe aliishi Pimbi na mume wake na watoto wao. Mtoto wa kwanza aliitwa Sikujua, kwa hiyo kila mtu alimwita yule mama Mama Sikujua. Alikuwa mfupi, mfupi hasa, yaani kwenye umati unamkanyaga kwanza ndipo unamwona. Lakini macho yake hayakutulia hata kidogo. Mume wake alikuwa kibarua wa kuponda kokoto. Ko, ko, ko, tangu jua linachomoza mpaka linazama, na ujira wake ulikuwa uleule aliouanza nao akiwa kijana.

Duka lilikuwa moja tu, la Mzee Kiboko. Tumbo lake lilitangulia kufika kila mahali, yeye akifuata baadaye.

Wakati wa mavuno Kiboko alipita kwa kila mtu kununua mahindi. Alijaza gunia mpaka mdomoni, halafu akashonea wavu juu yake na kujaza tena, gunia likavaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Unatoa gunia na nusu, unalipwa gunia. Ukilalamika anakuambia ndivyo biashara ilivyo. Na wanyama waliuza, wafanyeje? Huyu ana karo ya shule, yule paa linavuja, na wote wanataka hela siku moja.

Kiangazi kilipoingia, Kiboko akaanza kuwauzia yaleyale mahindi yao. Safari hii hapakuwa na kilemba. Palikuwa na kopo dogo, na ndani ya kopo palikuwa na kidole gumba chake, na kidole gumba cha kiboko si kitu kidogo. Bei nayo ilipanda wiki hii, ikapanda wiki ijayo, ikawa haina hata aibu.

"Mzee, mbona imepanda tena?" wanauliza.

"Mahindi yameadimika," anajibu, akihema. "Hata haya ni ya kubahatisha. Chukua au pisha wenzako."

Nyumbani kwa Pimbi ugali ukawa uji, na uji ukawa maji yaliyochafuka kidogo.

"Mke wangu," akasema Baba Sikujua jioni moja, "mimi nimeacha kula mchana."

"Mimi niliacha asubuhi, sikukuambia tu."

"Sasa watoto waache nini?"

 Mama Sikujua alikuwa anamtazama mtoto wao mdogo. Yule mtoto alikuwa mtundu wa kupanda mawe, haitwi nyumbani akaja. Sasa alikuwa anakaa tu kizingitini, mikono mapajani, hataki hata kufukuza nzi. Moyo ukamuuma mama, ukamuuma kweli. Akajisemea, uji huu hautamfikisha mtoto huyu kwenye mvua.

Asubuhi akaenda dukani mapema. Foleni ilikuwa imeshatambaa kutoka barazani mpaka njiani. Wanyama walikuwa wanasukumana, huyu na kikapu, yule na ndoo, maana uvumi ulienea kwamba kesho bei itapanda tena, na kila mmoja alitaka anunue leo. Mama Sikujua, kwa ule ufupi wake, akapita katikati ya miguu ya watu, sss, sss, mpaka akajikuta yuko chini ya meza ya Kiboko. Hakuna aliyemwona.

Akamsikia Kiboko anazungumza peke yake.

"Foleni imefika wapi? Imefika kwenye mkwaju wa njiani. Vizuri. Ikifika kwenye mkwaju tunaongeza."

Kiboko akachukua chaki, akafuta bei ya zamani ubaoni, akaandika mpya. Kule nyuma kwenye foleni kilio kikapanda, na badala ya kuondoka, wanyama wakasukumana zaidi, na wengine wakakimbia nyumbani kuwaita ndugu zao waje wapange.

Mama Sikujua akageuza kichwa. Nyuma ya Kiboko palikuwa na mlango ambao haukufungwa vizuri. Akachungulia. Magunia! Magunia yamelaliana mpaka darini, yote na vilemba vyake, hakuna pa kupitisha hata mkono. Na kutoka kwenye gunia moja unga mwembamba ulikuwa unadondoka polepole. Dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, walikuwa wameshaanza karamu yao.

Akatoka alivyoingia. Hakununua kitu.

Mchana akawakuta wenzake kisimani. Nyumbu alikuwepo, na Bi Swala, na Ngiri, ambaye kwa kula hana mpinzani.

"Jamani," akasema Mama Sikujua, "mnajua nani anapandisha bei?"

"Kiboko," wakajibu.

"Kiboko anaandika tu. Anayepandisha ni sisi. Tukisikia itapanda tunakimbia kupanga, foleni ikifika mkwajuni anaongeza, akiongeza tunakimbia zaidi. Nimemsikia kwa masikio yangu. Na mahindi anayo, amelala nayo mpaka darini."

Bi Swala akakaa chini kabisa. "Ina maana mbio zangu zote zile nilikuwa nakimbilia kuongezewa bei?"

"Ndiyo, shoga yangu. Na mimi pia."

"Basi twende tukamvunjie mlango," akasema Nyumbu.

"Tukivunja tutaitwa wezi, na yeye ataitwa maskini wa Mungu. Tusiende kabisa. Asione hata unyayo wetu pale dukani."

Ngiri akashtuka. "Tusiende? Tutakula nini?"

"Mlenda wa porini, mizizi, ukwaju. Tutabana."

"Shemeji, mimi tumbo langu halijui kubana."

"Litajifunza. Sasa sikilizeni. Tukikaa kimya na njaa yetu, atatungoja, anajua tutarudi. Lazima adhani tumeshiba. Kila nyumba itoe kinu nje, itwange asubuhi na jioni. Tieni pumba kidogo ndani, kinu kisilie utupu. Washeni moto, moshi uonekane. Na yeyote atakayepita dukani apite anachokonoa meno."

Wakatazamana. Nyumbu akaanza kucheka, Bi Swala naye, na kicheko kile kilikuwa cha kwanza tangu kiangazi kuingia.

Asubuhi yake Kiboko akafungua duka, akakaa barazani, akangoja. Hakuna mtu. Akatazama kwenye mkwaju. Kuna mkwaju tu. Halafu akasikia, tu-tu-tu, tu-tu-tu, kutoka kila upande wa kijiji, vinu vinaitikiana, na moshi unapanda juu ya kila paa.

Ngiri akapita, kijiti mdomoni.

"Ngiri, kuna msiba?" akauliza Kiboko.

"Hakuna, Mzee. Sote wazima."

"Mbona hamji?"

"Tuna kazi, Mzee. Tunatwanga."

"Mnatwanga nini?"

"Ah, Mzee nawe. Kinachotwangwa."

Hapo hapo tumbo la Ngiri likalia, ngurrrrr, mpaka kuku wa jirani akageuka. Ngiri akakauka. Kiboko akainamisha kichwa kusikiliza.

"Hilo tumbo vipi?"

"Linalalamika, Mzee," akasema Ngiri, akilipapasa taratibu. "Jana tulilijaza kupita kiasi. Mke wangu nimemwambia apunguze mkono." Akaenda zake, na alipokata kona akaegemea ukuta akihema, jasho linamtiririka.

Kiboko akapunguza bei kidogo. Hakuna aliyekuja. Akapunguza tena. Vinu tu, tu-tu-tu. Ndani ya ghala nako kukawa na sauti nyingine, kre, kre, kre, dumuzi wanatafuna mchana na usiku, na vumbi la mahindi likaanza kutoka chini ya mlango.

Msidhani ilikuwa rahisi. Kwa Pimbi walikula mlenda mpaka wakauchukia. Siku moja Mama Sikujua alimkuta mume wake amesimama na kikapu, anatazama njia ya dukani.

"Bei imeshuka sana, mke wangu. Nikanunue kopo moja tu, la huyu mdogo. Nani ataona?"

"Kiboko ataona," akasema Mama Sikujua, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Akiona mmoja amekuja, atajua wote tuna njaa. Kesho bei itarudi ilipokuwa, na huyu mdogo atakuwa amekula mara moja tu. Nivumilie, mume wangu."

Baba Sikujua akaweka kikapu chini. Akachukua mchi, akatwanga pumba kwa hasira zake zote, tu, tu, tu, mpaka mkono ukamfa ganzi.

Na kinu kile ndicho kilichomtoa Kiboko dukani. Alikuja mwenyewe, kwa miguu, jambo ambalo halijawahi kuonekana, akasimama mlangoni kwa Pimbi anahema kama mtu aliyekimbizwa. Baba Sikujua akafunika kinu kwa ungo.

"Hodi, Mama Sikujua."

"Karibu, Mzee wangu. Ningekukaribisha chakula, lakini ndiyo kwanza tumeosha vyombo."

Kiboko akameza mate. "Nimerudisha bei ya mavuno."

"Hongera."

"Ile niliyowanunulia. Sipati hata faida."

"Pole, Mzee. Biashara ni kazi ngumu."

"Sasa hamnunui?"

Mama Sikujua akaokota mwiko, akaufuta, akautazama huku na huku. "Kwa kweli hatuna shida. Ila wewe ni mzee wetu, na nakuona una vumbi la mahindi mabegani. Dumuzi wakishaanza hawaachi. Wenzangu naweza kuwabembeleza wakuondolee mzigo. Tatizo ni lile kopo."

"Kopo limefanya nini?"

"Lina kidole ndani."

Kiboko akaficha mkono nyuma. "Nitakitoa."

"Afadhali tuliache kopo kabisa. Tutachanga, tutanunua magunia. Kila gunia na kilemba chake, kwa bei ya gunia."

"Lumbesa?" Kiboko akaruka, na Kiboko akiruka ardhi inajua. "Lumbesa ni ya kununulia, si ya kuuzia!"

"Basi siku njema, Mzee. Nisalimie Mama."

Mama Sikujua akamgeukia mume wake. "Endelea kutwanga, baba."

Baba Sikujua akainua mchi. Kiboko akatazama mchi, akatazama njia ya kurudi, akakumbuka ile kre, kre, kre inayomsubiri.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo ambayo haikumfaa. "Na vilemba vyake."

Jioni ile Mama Sikujua akapita nyumba kwa nyumba. "Kila mtu atoe alichonacho, tuweke pamoja. Na kesho mtu asikimbie. Mkikimbia mmetuangusha. Tembeeni kama mnakwenda kumjulia hali mgonjwa ambaye mmeshaambiwa anaendelea vizuri."

Wakaenda hivyohivyo, wanapiga soga, wanasimama kuvutana nguo na kuulizana habari za watoto. Ngiri alitembea amefumba macho, Nyumbu akimshika mkono, maana alisema akiona gunia atapiga mbio. Foleni haikuwepo. Walifika kwa pamoja, wakalipa kwa pamoja, wakabeba gunia baada ya gunia mpaka ghala likabaki na dumuzi na mwenyewe.

Gunia la mwisho lilikuwa la Pimbi, na Kiboko alisaidia kulifikisha, kwa kuwa lilikuwa kubwa kuliko mama na baba wakiwekwa pamoja. Akalitua uani, akaegemea kinu apumzike. Ungo ukaanguka. Akachungulia ndani.

"Pumba," akasema. Akachota, akanusa. "Mlikuwa mnatwanga pumba? Kijiji kizima?"

"Kijiji kizima, Mzee."

"Mmenidanganya!"

"Ulituambia mahindi yameadimika, huku umeyalalia," akasema Mama Sikujua, na safari hii hakutabasamu. "Mtoto wangu huyu aliacha kucheza. Nenda nyumbani, Mzee wangu. Mwakani tuuzie kwa kipimo unachonunulia, na sisi tutakuja dukani kwako kwa amani."

Kiboko akakung'uta pumba mikononi.  Akaenda.

Hapo Mama Sikujua akatwanga mahindi ya kweli, akabandika sufuria. Unga ukaingia, mwiko ukazunguka, na ugali ukasimama wenyewe katikati ya sinia. Wakala. Yule mdogo akamaliza ugali wake, akalamba vidole, akasema, "Mama, niongeze," na mama yake akamwongezea bila kuchungulia sufuria kwanza. Muda si mrefu akawa juu ya mawe, anaitwa ashuke, hasikii, na wazazi wake wakamwacha.

Mavuno yaliyofuata, wanyama wakajenga ghala lao pembeni ya kisima. Kila nyumba ikaweka chakula chake kwanza, ndipo ikauza kilichobaki, bila kilemba. Kiboko aliendelea na duka lake, na bei ikawa bei ya kuulizika.

Hadithi yangu imeishia hapo, na funzo lake ni hili: tukikimbilia bei kila mtu na hofu yake tunaipandisha wenyewe, lakini tukikaa pamoja tukangoja, ni yenyewe itakayotufuata.