Inzi Aliyetaka Kula Chumvi Nyingi

Zamani majaruba ya chumvi, yale ya kukaushia maji ya bahari, hayakuwa na mdudu hata mmoja. Maji yake yalilala kimya, meupe ukingoni, na aliyeyashughulikia alikuwa Bi Mwanakombo, mkongwe wa kijiji cha Mtandawala, na reki yake ya mti. Inzi wadogo weusi tunaowaona huko leo, ambao si mbu wala visubi, ingawa wengi huwachanganya, waliishi bara kando ya dimbwi la maji matamu, jirani na vyura.

Huko hakuna inzi aliyewahi kumwona mtoto wake. Mama alitaga, na aliporudi alikuta maji matupu. Au hakurudi kabisa. Wakubwa wao walisema umri wa inzi ni mfupi, ndivyo walivyoumbwa. Inzi mmoja, Tindi, hakuridhika. Tumbo lake lilikuwa zito tena, naye alitamani safari hii awaone wanawe.

Asubuhi moja wanawake wawili walikuja kuchota maji.

"Bi Mwanakombo kapata kilembwe," alisema mmoja.

"Yule kala chumvi nyingi, shoga. Huyo kilembwe naye atamwozesha."

Watu husema hivyo juu ya mtu aliyeishi miaka mingi. Tindi, aliyekuwa ametua kwenye mdomo wa mtungi, aliyachukua maneno kama yalivyo. Akaruka moja kwa moja hadi majarubani.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kula chumvi, niishi niwaone wanangu."

"Marahaba." Bi Mwanakombo alicheka hata akaiegemea reki. "Na mdomo wenyewe uko wapi? Kula, mjukuu wangu, hutanimalizia. Lakini hayo ya kula chumvi ni maneno tu..."

Tindi alikuwa ameshakunywa. Koo lilimwaka, miguu ikamlegea, akatamani kurudi dimbwini. Ila alikumbuka yale maji matupu. Akasogea pembeni, ambako maji ya bahari yalikuwa yameingia na ukali umepungua, akaonja kidogo. Kesho yake akaonja tena, mbele kidogo. Hivyo hivyo, mpaka mwili wake ukajua kubakiza maji na kuitoa chumvi. Ndipo akataga, akatulia kungoja kufa.

Chura mmoja alikuwa amemfuata toka bara. Alifika ukingoni, akatia mguu, akautoa upesi, akaupangusa mchangani, kisha akarudi kwao bila kuaga. Tindi alimtazama akienda. Kumbe uliokuwa mfupi si umri wa inzi. Ni ule mwendo kutoka kwao hadi kwenye ulimi wa chura.

Siku watoto walipoibuka, weusi, mbawa zikiwa bado mbichi, Tindi aliwaona wote. Bi Mwanakombo aliinama akawatazama pia.

"Haya, mwenzangu," alisema, na hakumwita mjukuu tena.

Na tangu siku hiyo inzi hao hawatoki majarubani. Wanawake wa chumvi, kabla ya kukokota chumvi, hugonga reki chini taratibu. Inzi huinuka kama moshi, husogea hatua moja, hutua tena. Mgeni akiuliza kwa nini hawafukuzwi, huambiwa kwamba hao wamekula chumvi nyingi. Na hapo, tofauti na kwingine kote, maneno hayo hayana fumbo.