Neno la Mkazamwana

Jirani Feride anaapa mpaka leo kwamba mzee Dursun alianguka kitovu. "Alibeba gunia la samadi peke yake kwenye theluji, kitovu kikateleza," husema kila anapokanda unga. "Mimi nilikirudisha mara tatu. Yaliyobaki muulizeni Mungu."

Menekshe, mkazamwana wa mzee huyo, alikuwapo. Alimwona Feride akisimamisha mshumaa kwenye kipande cha mkate juu ya tumbo la mgonjwa, akaufunika kwa glasi ya chai, akaisokota ili kukivuta kitovu kirudi mahali pake. Tumbo lenyewe lilivimba upande mmoja, limekaza kama ngoma iliyoanikwa juani, na tangu jana mzee hakutoa hata upepo. Baba mzazi wa Menekshe alishikwa vivyo hivyo. Utumbo ulijisokota, hospitali wakaunyoosha kwa mpira uliopitishwa nyuma, akapona.

Lakini katika vijiji vile vya Erzurum mke hasemi mbele ya baba mkwe mpaka mwenyewe amfungue ulimi kwa zawadi. Mwaka wa nne huo Dursun alikuwa akisema, "Idi ijayo." Basi Menekshe akavuta mtandio mdomoni, akamnong'oneza mama mkwe, Hatun.

"Mama, apelekwe mjini leo."

"Umeanza lini udaktari? Tumngoje mumeo. Na punguza sauti, mzee atakusikia."

Mume wa Menekshe, Yavuz, alirudi na gari kesho yake adhuhuri.

Hospitalini daktari aliinua picha dirishani. Utumbo mpana ulikuwa umejikunja, umejaa hewa kama mpira wa ndani wa gurudumu.

"Umejinyonga," alisema. "Jana ningeufungua bila kisu. Leo umeanza kuoza. Nitakata, lakini siahidi."

"Na kitovu?" Hatun akauliza.

"Kitovu kipo pale pale alipozaliwa nacho, mama."

Nesi alipomwambia Dursun avue saa, mzee aliiweka kiganjani mwa Menekshe. "Zawadi yako hiyo. Feride husema nimemwoza mwanangu bubu, nami sina ushahidi wa kumbishia. Sema neno moja, binti yangu, nikusikie."

Menekshe akashusha mtandio. Midomo ilicheza, sauti haikuja. Kitanda kikasukumwa, mlango ukafungwa.

Jioni alitolewa amefunikwa mpaka usoni. Saa ilikuwa bado inatembea mkononi mwa mkazamwana wake.

Ngoja ngoja huumiza matumbo.