Kiboko Aliyefasiri Gombo la Edomu

YAH: OMBI LA PIMBI SABINI KUOTA JUA JUU YA MWAMBA WAO WENYEWE KABLA YA SAA TATU ASUBUHI

Hicho ndicho kichwa cha barua iliyoanzisha yote. Msicheke bado. Kwanza tuitikiane.

— Gombo!
— Likunjuliwe!
— Nusu?
— Lote!
— Na mwenye kusinzia?
— Limpite!

Haya basi. Hapo kale wanyama walikuwa na maji, walikuwa na malisho, lakini wakaona bado wanapungukiwa, wakajitafutia mikutano. Mwenyekiti wa mikutano yote akawa Kiboko. Alichaguliwa kwa sababu hakuna aliyeweza kumsukuma atoke kitini, na kiti chenyewe kilikuwa mto.

Kiboko alikuwa na vyeo vitatu: Mwenyekiti wa Mto, Mlinzi wa Maji Yote, na kile alichokipenda kuliko vyote, Mfasiri Mkuu wa Unabii. Kusoma hakujua. Lakini kwa taratibu za mto, kusoma ni kazi ya karani. Kufasiri ni kazi ya mkubwa.

Karani alikuwa yule ndege mwenye miguu mirefu na manyoya kama kalamu nyuma ya masikio. Yeye alisoma, aliandika muhtasari, aligonga muhuri. Muhuri ukishagongwa, pu!, neno limekuwa sheria. Na sheria ilitekelezwa na Mamba, wanamgambo wa mto, ambao hawakuwa na maoni juu ya jambo lolote. Walikuwa na njaa tu.

Gombo lenyewe lilikuwa la manabii wa Kiebrania, la zamani sana, limejaa habari za mataifa: Moabu itakuwaje, Ninawi itakuwaje, Edomu itakuwaje. Lilikaa ndani ya mtungi, katika pango la pimbi, juu mwambani. Lilifikaje huko, hakuna ajuaye. Siku za mkutano lilishushwa mtoni. Siku nyingine pimbi walilala ubavuni mwake, bibi akimfundisha mjukuu kulisoma, kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyelijua kuliko wote alikuwa Bi Pimbi, mkubwa wa mwamba, mfupi, mnene, asiye na mkia wala subira.

Sasa, pimbi asipoota jua asubuhi, hata kutafuna hawezi. Kiboko alikuwa ametoa amri kwamba atakaye kuota jua aombe kwa maandishi. Bi Pimbi akameza mate machungu, akaandika ombi, akalipeleka. Alitarajia ndiyo au hapana. Kumbe Mheshimiwa alikuwa na jicho kwenye majani. Chini ya ule mwamba palichuruzika maji, na kiangazi chote majani ya hapo yalikuwa mabichi, laini, yameinama kwa utamu. Kiboko aliyatazama akadondokwa na mate, akaita mkutano.

"Karani, kabla ya kujibu ombi hili, tusikie gombo linasemaje."

Karani akakunjua, akasoma: "Edomu amepanda majabali, anajiona jirani wa nyota. Edomu atateremka."

Kiboko akazama, chubwi! Ndivyo alivyofasiri siku zote: chini, kimya, viputo tu vikipanda, bulu bulu bulu. Kisha akaibuka, fuuu!

"Nani anakaa majabalini?"

"Pimbi, Mheshimiwa."

"Basi Pimbi ndiye Edomu. Ateremke. Nampa siku saba. Gonga!"

Pu!

Bi Pimbi alihisi damu ikimpanda kutoka kwenye nyayo hadi kwenye meno.

"Edomu? Sisi? Mheshimiwa, Edomu walikuwa watu! Walikuwa na wafalme, na ngamia, na ugomvi na ndugu zao. Sisi tuna ugomvi na nani? Sote sabini tunatumia choo kimoja! Na aliyeandika maneno hayo aliyaandika akilia. Alikuwa anawaonya wenye kiburi. Wewe unayafasiri huku unatafuna! Unabii si hati ya kiwanja!"

Maneno mazuri, ila walioyasikia ni viputo tu. Kiboko alikuwa ameshazama, chubwi! Akaibuka, fuuu!

"Kuna mwenye hoja?"

"Nimeshaitoa!"

"Sikuisikia."

"Ulikuwa chini!"

"Wee Pimbi, usinifundishe kazi. Mwenyekiti akizama, mkutano unaendelea, na lililosemwa limesikika. Hoja imesikika, imekataliwa. Karani, hiyo nayo iwe kanuni. Gonga!"

Pu!

Bi Pimbi akabeba mtungi wa gombo, akapanda mwamba wake. Huko juu wadogo walikuwa wakirukiana migongoni. Aliwatazama, akatazama uwanda ulio chini. Juu ya uwanda kuna tai. Pembeni ya uwanda kuna fisi. Mwambani pimbi ana ufa wa kuingia. Uwandani pimbi ni kitoweo tu kinachotembea. Na yote hayo kwa sababu ya majani!

Siku ya kwanza alikasirika. Siku ya pili alikasirika. Siku ya tatu alikasirika akiwa anasoma gombo. Siku ya nne aliacha kukasirika kidogo, akacheka, hee! Siku ya tano na ya sita akasoma tena pale pale, asikosee. Siku ya saba akaomba mkutano, akateremka na mtungi wake.

"Umekuja kuaga?" Kiboko akauliza.

"Nimekuja kukiri, Mheshimiwa. Sisi ndio Edomu. Tutateremka. Ila kuna jambo linaniumiza."

"Lipi tena?"

"Gombo limetutaja sisi, vijitu visivyo na mkia. Na wewe, mzima hivi, mto mzima, watu wakiuliza umetajwa wapi, tuseme nini?"

Kiboko akatoa pua nzima nje ya maji. "Kwani sijatajwa?"

"Umetajwa, Mheshimiwa. Tena sehemu yako peke yako. Karani hajawahi kufika huko."

Kiboko akamgeukia Karani kwa jicho ambalo Karani hakulipenda. "Miaka yote hii! Miaka yote hii unanisomea habari za Moabu!"

"Mheshimiwa, sikujua kama—"

"Soma!"

"Naomba mwongozo kwanza," Bi Pimbi akasema kwa adabu. "Itagongwa muhuri sehemu ya mwanzo tu, au yote?"

"Yote! Unadhani mimi ni wa kutajwa robo robo?"

Bi Pimbi akamwonyesha Karani mahali. Karani akasoma: "Yupo mkubwa, alalaye katikati ya mito yake. Husema, mto ni wangu, maji ni yangu, nani kama mimi?"

Aah! Utamu ulimpanda Kiboko kichwani hata akasahau kuvuta pumzi. Akazama, chubwi! Bulu bulu bulu.

Karani akaanza kulikunja gombo.

"Endelea, ndugu yangu," Bi Pimbi akasema. "Mwenyekiti akizama, mkutano unaendelea."

Karani akasoma: "Mkubwa huyo atatiwa kulabu katika mataya. Atavutwa kutoka majini mwake, atatupwa nchi kavu, na mto utashusha pumzi."

Mamba walikuwa wamelala ukingoni. Mmoja akafumbua jicho. Wa pili akafumbua jicho.

Fuuu! Kiboko akaibuka, uso unang'aa.

"Huyo ni mimi! Mimi! Asisingiziwe mwingine! Gonga!"

"Mheshimiwa, labda ungesikia na—"

"Lililosomwa limesikika! Gonga!"

"Lote, Mheshimiwa?"

"Lote, wewe mguu-fimbo!"

Pu!

Maji yakatulia kidogo. Kisha Mamba mzee akaja taratibu, macho tu yakionekana.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Tumekuja kutekeleza."

"Marahaba. Nendeni mkawatoe hao Pimbi."

"Hao baadaye. Tunaanza na mkubwa. Kulabu ofisini hazipo, ila meno yapo."

Karani akamsomea Kiboko sehemu iliyobaki. Safari hii Kiboko hakuzama. Akapiga kelele hata kunguru wakaruka.

"Uonevu! Huu ni uonevu mtupu! Huyo alikuwa mfalme wa Misri! Mtu! Mwenye miguu miwili! Mambo ya zamani yale, mimi yananihusu nini? Tangu lini mtu akatolewa kwake kwa maneno ya mfalme mwingine?"

"Ahaa," Bi Pimbi akasema. "Kumbe Mheshimiwa historia unaijua."

"Andika, Karani! Unabii wa mataifa ya kale ni wa mataifa ya kale! Haumhusu mnyama yeyote, popote, milele! Gonga! Gonga upesi!"

Pu!

"Basi Pimbi si Edomu," Bi Pimbi akasema.

"Si Edomu! Nani kasema ni Edomu? Waambie hawa warudi!"

Bi Pimbi alikuwa na hasira, lakini haki aliijua. Akawaambia Mamba, "Kweli, imefutwa. Ya kwetu na ya kwake."

Lakini wanamgambo wakishaonja, kanuni mpya huwafikia kwa kuchelewa. Mamba wa nyuma alikuwa ameshaukamata mkia. Kacha! Kiboko akachomoka majini, pu-pu-pu-pu, akapita ukingo, akapita majani mabichi bila kuyatazama, akaishia kule nchi kavu.

Mwambani wadogo wakashangilia: "Unabii umetimia!"

"Nyamazeni!" Bi Pimbi akafoka. "Hata nyinyi? Mkia wa mtu umeumwa, nyinyi mnautafutia aya!"

Basi, wasikilizaji wangu, ngano hii inatufundisha tuwaheshimu wakubwa, tusihoji tafsiri iliyotoka ofisini, na tukumbuke kwamba mwenye kuzama ndiye aonaye mbali. Muhtasari wa Karani nao unasema Mwenyekiti amejiuzulu kwa hiari yake, kwa sababu za kiafya, na kwamba mto unamshukuru kwa utumishi wake.

Gombo nimelikunja, mtungi nimeufunika. Likiwa tamu, lambeni vidole. Likiwa chungu, mpelekeeni Kiboko alifasiri.

Kilichotokea ni kwamba Kiboko aliumwa mkia akakimbia. Lile ombi la kuota jua halijajibiwa hadi leo. Pimbi wanaota.