Nanga wa Ikongwe

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mmerudi kutoka uwanjani mkimlaumu refa, mtu akawatupia maneno hayo njiani, na sasa mnataka kujua yalitoka wapi. Wengine watawapa asili nyingine, nami sitabishana nao. Kwetu Upareni methali hii ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ndio huu.

Palikuwa na vijiji viwili kwenye mteremko mmoja, Ikongwe na Mlimbo, vyote vikitegemea kijito kimoja. Juu yake watu walikuwa wamejenga bwawa la kukinga maji, ndiva kama tunavyoliita, na kutoka hapo mfereji uligawanyika, tawi moja likaenda Ikongwe na jingine Mlimbo. Maji hayakutosha kwenda pande zote kwa pamoja. Kiangazi kilipoingia, kijiji kimoja kilinywesha mashamba kwanza, kingine kikasubiri. Na aliyesubiri alipanda kwa kuchelewa, akavuna kwa kudra ya Mungu. Hapo kale waligombea maji hayo kwa mapanga. Wazee walipochoka kuzika vijana, waliamua kwamba ugomvi utamalizwa kwa kamba. Kila mwaka wavutaji wa pande mbili wakutane uwanjani, katikati uchorwe mstari wa majivu, na watakaowavuta wenzao wakauvuka mstari ndio watakaofungua kizibo cha bwawa.

Kwa muda mrefu ushindi ulikuwa mali ya Ikongwe. Nanga wao aliitwa Kajiru. Nanga ni yule anayesimama mwisho kabisa, kamba ameizungusha kiunoni, na wenzake wote wanamtegemea yeye asisogee. Kajiru alikuwa hasogei. Akina mama walimwimba kisimani, na wavulana walijifunza kutembea kama yeye, magoti yamefunguka kidogo na visigino vikiuma ardhi.

Lakini hakuna timu inayodumu milele. Wawili kati ya wavutaji walishuka tambarare kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, wasirudi. Mmoja akafa kwa homa. Wengine wakaota mvi, migongo ikawauma, wakaachia kamba. Akabaki Kajiru peke yake, naye akakusanya vijana ambao ndevu zao zilikuwa ndiyo kwanza zinaota, akawaambia wasiwe na hofu, wamwangalie yeye tu.

Mwaka huo Mlimbo waliwavuta kama mtu anavyovuta mbuzi aliyechoka.

Kajiru akajikung'uta vumbi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Ni umande. Upande wetu ulikuwa na umande, miguu imeteleza." Watu wakapumua. Kumbe ni umande tu.

Mwaka uliofuata wakavutwa tena. Kajiru akasema kamba ilikuwa mpya, imekwaruza viganja vya vijana. Mwaka mwingine akasema Mlimbo wameazima mwanamume kutoka ng'ambo ya mlima. Na kila mara aliposema, kijiji kilimwamini, maana alikuwa Kajiru, na maana udhuru ni mtamu kwa aliyeaibika. Vijana wake waliendelea kufanya mazoezi yaleyale aliyoyafanya yeye ujanani: kubeba mawe, kuvuta visiki, kila mmoja kwa nguvu zake.

Huko mashambani mambo yalikuwa mengine. Maji yalipofika Ikongwe, maharage yalikuwa yameshaanza kukunjamana. Wanawake walipanda na kushuka na mitungi kichwani kuokoa kidogo kilichookoleka. Jioni moja Nambike, mke wa Kajiru, alitua mtungi wake mlangoni, akakaa juu ya kizingiti bila hata kuondoa kata kichwani.

"Baba Kiende," akasema, "watu wananiuliza kisimani, lini tutakuwa washindi tena. Niwajibu nini?"

"Waambie hatujawahi kushindwa. Tumefanyiwa hila."

Nambike akanyosha kidole kwenye mtungi. "Basi kama hatujashindwa," akasema, "mbona mimi ndiye ninayebeba maji?"

Maneno hayo yalimkaa Kajiru rohoni kama mwiba wa samaki kooni, lakini hakuyatema wala kuyameza.

Msimu ukafika tena. Wakavutana, na Ikongwe wakavuka mstari wa majivu wakiburuzwa. Safari hii Kajiru alipandwa na hasira. Akamwendea Mzee Mnzava, aliyekuwa mwamuzi, akamwambia mbele ya watu kwamba Mlimbo wamepaka utomvu viganjani ili kamba isiwatoke.

Uwanja ukachafuka. Wapo walioanza kutazama mapanga yao. Lakini nahodha wa Mlimbo, mzee mwembamba aitwaye Mbonea, aliinua mkono akawatuliza watu wake, akawaamuru wajipange na kunyosha viganja. Mzee Mnzava akapita akivikagua kimoja kimoja. Havikuwa na utomvu. Vilikuwa na sugu, ngumu kama kwato.

"Turudie," Mbonea akasema. "Wao waje upande wetu, sisi twende upande wao. Na kamba waichague wenyewe."

Wakarudia, na Ikongwe wakaburuzwa upesi kuliko mara ya kwanza.

Kajiru aliinuka kutoka vumbini. Jua lilikuwa mbele yake, akawa amekwisha kufungua kinywa aseme kwamba jua ndilo lililowapofusha. Hapo akawaona vijana wake. Walikuwa wamekaa chini wakimtazama, na nyuso zao hazikuwa na uchungu. Walikuwa wanamsubiri. Walijua baba yao atapata neno, neno hilo litawavusha mpaka nyumbani, na mwakani watakuja tena kuburuzwa. Kajiru akaona kwamba hakuwafundisha kuvuta. Alichowafundisha ni kungoja udhuru.

Akafunga kinywa. Kisha akakifungua tena.

"Hapakuwa na umande," akasema. "Kamba haikuwa na kasoro, na hawakuazima mtu. Mlimbo wametushinda. Wametushinda leo, na miaka yote tuliyovutwa walitushinda. Mimi ndiye niliyewadanganya."

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa Ikongwe alianza kulia, na hilo lilikuwa chozi la kwanza kumwagwa kwa ajili ya kamba ile tangu walipoanza kushindwa.

Mbonea akavuka mstari wa majivu, akaja kusimama mbele ya Kajiru. "Leo nimepata mshindani," akasema. "Miaka yote hii sisi tulikuwa tunavuta, ninyi mnavutana na umande. Ushindi wa namna hiyo haukuwa na ladha. Asiyekubali kushindwa si mshindani, Kajiru."

"Sasa nimekubali, mzee wangu. Nionyeshe mlivyotushinda."

"Siwezi kukupa kwa mdomo. Njoo uone."

Kajiru akaenda. Alibeba kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa, kama mgeni anavyopaswa kufanya, akakaa pembeni ya uwanja wa Mlimbo huku baadhi ya watu wa kwao wakimnong'ona kwamba amekwenda kujidhalilisha. Aliyoyaona hayakuwa siri. Mlimbo hawakubeba mawe. Walikuwa wakivuta kwa wimbo. Mmoja aliimba, wote wakaitikia, na kwenye kiitikio miguu yao yote ilirudi nyuma kwa pamoja, kama mguu wa mtu mmoja. Wimbo ulipopumzika, nao walipumzika, wamelala nyuma, kamba imekaza tu, hawatoi wala hawapokei. Nguvu za kila mmoja wao zilikuwa za kawaida. Hapakuwa na Kajiru kati yao.

Aliporudi alijua la kufanya, ila moja lilimshinda kulisema kwa siku kadhaa. Alikuwa na kijana aitwaye Mrutu, mzito wa kuamka na mzito wa kujibu, ambaye wenzake walimdhihaki na Kajiru mwenyewe alimweka katikati ya kamba asionekane. Mrutu hakuwa na haraka ya kitu chochote duniani. Akisimama, amesimama. Hatimaye asubuhi moja Kajiru aliivua kamba kiunoni mwake mbele ya wote, akamzungushia Mrutu.

"Na wewe, baba?" Mrutu akauliza.

"Mimi nitaimba."

Sauti ya Kajiru haikuwa nzuri, lakini ilikuwa kubwa. Wakaanza upya, kama watoto. Mwanzoni miguu iligongana, wakaangukiana, watoto wa kijiji wakawa wanakuja kuwatazama ili wacheke. Kajiru aliwarudisha tena na tena kwenye wimbo, mpaka watoto wakaacha kucheka, wakaanza kuitikia.

Walipokutana tena na Mlimbo, kitambaa kilichofungwa katikati ya kamba kilisimama juu ya majivu, kikatetemeka, kisiende huku wala kule. Mwishowe Ikongwe waliachia, kidogo kidogo, mguu mmoja baada ya mwingine, wakavuka mstari. Lakini walirudi kwao wakiimba. Waliokuwa nyumbani wakatoka kupokea ushindi, wakaambiwa hakuna ushindi. "Tumeshindwa," vijana wakasema, "lakini leo tumeshindana." Usiku huo walijadiliana walipokosea, kila mtu akitaja kosa lake mwenyewe. Nambike akabeba maji msimu mwingine mzima, bila kunung'unika.

Ukaja mwaka ambao wazee wa Ikongwe hawakuacha kuusimulia. Mzee Mnzava aliangusha mkono, kamba ikakaza. Mlimbo waliimba wimbo wao, Ikongwe wakaimba wa kwao, nyimbo mbili zikapigana juu ya uwanja mmoja. Mlimbo walivuta, Mrutu hakusogea. Wakavuta tena, visigino vya Mrutu vikachimba udongo, yeye akabaki pale pale, macho ameyafumba kama mtu anayesikiliza mvua. Kajiru akaushusha wimbo, akauacha upumzike, kamba ikakaza tu. Mlimbo waliopumzika kwa wimbo wao wakachelewa kidogo kurudi. Hapo Kajiru akaupandisha wimbo kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, na vijana wake wakaitikia kwa mguu. Hatua moja. Nyingine. Mlimbo wakashika, wakaponyokwa, wakashika tena. Kitambaa kikaelekea Ikongwe, na mtu wa kwanza wa Mlimbo akakanyaga majivu.

Vigelegele vilisikika hata bondeni. Wanawake wa Ikongwe waliingia uwanjani wakitandaza khanga chini ili Mrutu apite juu yake, naye akapita polepole, vilevile kama alivyofanya kila kitu. Kajiru alikaa chini palepale alipokuwa, sauti imekauka, machozi yakimtiririka bila aibu.

Mbonea alisimama kwenye mstari wa majivu, mikono imening'inia. Watu wake walimtazama. Alikuwa amezeeka sana sasa, na pengine hakuna ambaye angemlaumu kama angelitafuta neno.

"Wametushinda," akasema. "Wametushinda kwa haki, na wametushinda vizuri. Mwakani tutakuja." Akamgeukia Kajiru, akamwinua kwa mkono.

Wakapanda wote mpaka kwenye ndiva. Mrutu akang'oa kizibo, maji yakaruka mferejini, meusi kwa majani makavu, kisha yakaanza kung'aa, yakashuka kuelekea Ikongwe kwanza, baada ya miaka mingi ya kusubiri zamu ya pili. Huko chini Nambike alikuwa amekwisha kufungua matuta ya shamba lake. Maji yalipomfikia aliacha yampite miguuni kwanza, amesimama tu, akicheka peke yake.

Tangu hapo vijiji vile viwili vimekuwa vikipokezana maji, mwaka huu hawa, mwaka ule wale, na hakuna aliyekaa juu muda mrefu wala aliyekaa chini muda mrefu. Na mtu akitoka uwanjani akilaumu umande, refa au jua, watu wa milimani humtazama kwa huruma, wakamwambia kama Mbonea alivyomwambia Kajiru: asiyekubali kushindwa si mshindani.